Mama Mkwe, Jiwe la Lusia Lina Meno

Mama mkwe,

Shikamoo. Naanza na kujisifu, maana nikianza na kingine utasema barua hii imeandikwa na mtu mwingine. Katika Tunduma nzima, kuanzia mwisho wa foleni ya malori mpaka geti la mpakani, hakuna mwanamume mwenye bahati kama mkwe wako. Lori lilinipindukia karibu na Kapiri nikatoka na viatu vyote viwili miguuni. Nililala Kasumbalesa mahali ambapo wenzangu waliibiwa mpaka soksi, mimi nikaamka nimefunikwa blanketi la mtu nisiyemjua. Nikampata Esta, binti yako, wakati wenye mashamba ya kahawa wamejipanga mlangoni kwako kama wagonjwa wa zahanati. Na sasa bahati yangu imefika mpaka kwenye mawe. Jiwe la Lusia, mjukuu wako, limekamilika. Mkono wangu uligusa tu, likakubali, kama mtu anayeokota yai kwenye kiota cha jirani. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu wa mtaani, nao wanaamini.

Wewe lakini ngoja nikusimulie taratibu.

Na unisamehe kwa hilo "wewe". Ulipokuwa hai nilikusalimu kwa wingi, "mmeamkaje", "mmeshindaje", kana kwamba nyuma yako kuna kwaya nzima. Ndivyo heshima yetu ilivyo: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Mimi niliingia kwenye mahindi yako mara nyingi mpaka nikaanza kuyapalilia. Ila barua nzima kwa wingi itanishinda. Shule niliiacha darasa la sita, na sarufi niliiacha hukohuko juu ya dawati. Tena huko uliko sidhani kama kuna mahindi ya mtu kujificha.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, tumekuja kijijini kwako Ruanda mimi na Esta kukusaidia. Nilikuwa mbele ya nyumba na shemeji Lameki, mwanao, tunakunywa chai. Yeye alikuwa analalamika kwamba bega lako limekataa kupanda, na jiwe la Lusia halitachongwa. Kwenu binti haendi kwa mume bila jiwe la kusagia lililotoka mkononi mwa bibi yake mzaa mama. La chini, lile pana, mnaliita mama. La juu, la kushika kwa mikono miwili, mnaliita mwana. Asubuhi ya kwanza ukweni binti anasaga ulezi mbele ya wanawake wa nyumba ile, anapika uji, wanakunywa. Asiye na jiwe anasagiwa na wengine. Na aliyesagiwa siku ya kwanza wanamkumbusha mpaka mvi zimtoke.

Basi mimi, kwa sauti yangu hii ya kuitia makondakta, nikasema, "Shemeji, mawe ni mimi. Kolwezi nilivunja kokoto mpaka Wakongo wakaniita Mashine." Sikujua kwamba upo nyuma ya jiko unasikia. Baadaye kidogo Esta akaja anajizuia kucheka: "Mama anasema huyo Mashine aende nyuma ya jiko."

Nikaenda. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabua, mimi upande huu, na mbele yangu umeniwekea jiwe la kawaida na jingine jeupe, gumu, la kupigia. Esta akashika ndoo akaenda kisimani. Hakuna wa kutupitishia maneno. Nikapiga jiwe langu kwa nguvu zote za Kolwezi, kipande kikaruka kikagonga sufuria. Kisha nikakusikia unasema, taratibu kabisa, "We kuku, hebu mwambie mwenzako jiwe halijamkosea. Anapiga kama anaua nyoka."

Mama mkwe, mimi nimesikia utani wa madereva wa nchi sita. Sijawahi kuishiwa nguvu namna ile. Yule kuku mwenyewe, jike lile la shingo tupu, alikuwa anaparua chini ya chanja ya kahawa wala hana habari kwamba amepewa kazi ya ukalimani.

Tangu siku ile tukawa watatu. Kila tulipokuja Ruanda nilikaa upande wangu wa mabua, wewe upande wako, na kuku katikati, au mbuzi kama kuku hayupo. Nilijifunza kwamba bamba la jiwe humenywa kama kiazi, ganda baada ya ganda kuzunguka ukingo, mpaka likae umbo la kupakatika. Na unapiga juu, lakini ganda linatoka chini, upande usiouona. Hilo ndilo lililonitesa. Mimi ni mtu wa macho. Barabarani nilikuwa namwona askari kabla mwenyewe hajaamua kusimama. Sasa naambiwa nipige hapa ili kitu kitokee kule, na nisichungulie, nisikilize. Pigo zuri linalia kavu na fupi, ta. Pigo baya linasema dufu, na ganda linakatikia njiani linaacha kitu kama ngazi, na ngazi ikishaingia kila pigo linalofuata linakwama palepale.

Wewe ulikuwa unasikia ngazi kabla mimi sijaiona. "Kuku, mwambie asugue mdomo wa jiwe kabla ya kupiga, mdomo mkali unasagika bure." "Kuku, muulize nani alimwonyesha mtu anamenya kiazi kuanzia tumboni." Siku moja nikapiga vibaya mfululizo mpaka mwenyewe naona aibu, ukasema, "Kuku, huo mkono ameuazima wapi?" Nikajibu, "Kuku, waambie wakubwa nimeuazima kwa Lameki, ndiyo maana mvivu." Nikakusikia unacheka. Kicheko chako kilikuwa kama kikohozi cha mtu aliye kanisani.

Nilicheka na mimi, nikaliacha swali lako hapohapo chini pamoja na vigae vya mawe. Nitalirudia.

Sikumaliza hata jiwe moja ulipokuwa hai. Ulikuwa unanipa ya kujifunzia, nayavunja, Esta anayakusanya. Lenyewe la Lusia ulikuwa unalimenya wewe, kidogo kidogo, siku bega linapokuruhusu. Nilikuwa nakusikia: ta, unapumzika, ta. Nikisikia hivyo nafunga mdomo. Esta anasema hicho ndicho kitu pekee duniani kilichowahi kunifunga mdomo.

Kisha ukaugua, na hukuugua sana, ukaenda.

Siku ya kukuaga nilikaa nje na wanaume, nimeinamisha kichwa kama desturi. Lameki akaja akanishika mkono akasema, "Shemeji, sasa unaruhusiwa kumtazama." Nikaingia. Mama mkwe, nilikuwa sikujui. Una kovu dogo juu ya jicho, sikuwahi kuambiwa. Una masikio kama ya Lusia. Mimi niliyekijua kikohozi chako, kandambili zako, namna unavyomfukuza mbuzi kwa kumwita jina la mwenyekiti wa kitongoji, nilisimama pale kama mtu aliyekosea nyumba ya msiba. Nikatazama mikono yako. Hiyo niliijua. Sijui niliijuaje, lakini niliijua. Nilitaka kusema neno. Mimi. Mwenye maneno. Sikuwa hata na kuku wa kumtuma.

Tuyaache hayo.

Jiwe lako ulikuwa umelimenya lote ukingoni, limebaki kudonolewa usoni ili lipate meno ya kung'ata ulezi. Lameki akalileta Tunduma kwa gari la kubebea kahawa. Wakati ule Lusia alikuwa ameshaposwa, na mposaji ni kijana wa Nakonde, ng'ambo hapa tu, Mnamwanga wa watu, mpole, fundi wa redio na simu. Mama yake ni mtu wa kushika mila mpaka unamwogopa. Siku walipokuja kujitambulisha aliuliza kwa adabu, macho chini, na neno lao la heshima mwishoni, "Binti yetu anakuja na jiwe, mukwai?" Nikajibu kabla Esta hajafungua mdomo: "Anakuja nalo, tena la kwetu wenyewe." Mdomo wangu, mama mkwe. Unaujua.

Nikalianza. Nililiweka uani juu ya gunia, nikavaa miwani yangu ya Lubumbashi kuzuia vipande, nikaanza kudonoa. Kudonoa ni kazi ya kuku kweli: pigo dogo, pigo dogo, kila pigo linaacha kitundu, na uso wote lazima uenee vitundu bila shimo. Mkono wangu wa kulia ulichoka haraka, kama ulivyokuwa unachoka kwako, na mkono uliochoka unajazia kwa nguvu. Nikafika kwenye ule upande mwembamba. Nikapiga.

Likasema dufu.

Halafu nikaona mstari unatembea katikati ya jiwe. Haukukimbia. Ulitembea. Kisha bamba likalala vipande viwili juu ya gunia.

Esta alitoka ndani akachuchumaa karibu nalo. Hakunilaumu, angenilaumu ningejua la kujibu. Alipitisha kidole kwenye ukingo ulioumenya wewe, ganda moja baada ya jingine, akanyanyuka akaenda kuinjika maharage. Lusia aliporudi kutoka kazini kwenye cherehani akaangalia, akasema polepole, "Baba, kwani lazima?" Nikamwambia lazima. Akasema, "Watanisagia tu, siku moja haiui." Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeonewa na watu wa mipaka mingi, lakini wewe hutaanza maisha kwa kusagiwa wakati baba yako ana mikono miwili.

Niliyasema hayo nikiwa na hasira, na mmojawapo wa mikono hiyo nilikuwa hata siuhesabu.

Lameki, ambaye moyo wake ni mzuri ila hapendi kusumbuka, akasema tuachane na ushamba, kuna fundi wa vigae Mlowo ana grainda, atalikata jiwe jipya dakika chache. Nilikubali, nisikufiche. Tukapeleka bamba jingine, fundi akawasha mashine, vumbi likapanda mpaka wauza mchele wakatutukana. Likatoka jiwe zuri mama mkwe, limenyooka, linang'aa kama sakafu ya benki. Lusia akamwaga ulezi, akasukuma. Ulezi ukateleza mbele, ukateleza nyuma, ukaruka pembeni kama gololi. Hakuna punje iliyovunjika. Lameki akasema labda lina unyevu, tulikaushe kwanza. Nikamwambia shemeji, hili jiwe ni kibogoyo, halina meno, tuliweke mlangoni watu wapangusie miguu. Lipo mlangoni mpaka leo.

Ndipo Mama Mdogo Tabita, mdogo wako, akapanda gari kutoka Mlowo kuja kututazama. Habari za jiwe kuvunjika zilikuwa zimemfikia na alikuja amenuna. Naye ni mama mkwe wangu vilevile, kwa hiyo alikaa ndani, mimi uani, dirisha katikati, pazia limeshushwa. Akaagiza nipige jiwe lolote, asikie. Nikapiga. Nikasikia anaguna. Nikapiga tena. Akasema, na pale alipo Esta alikuwa pembeni yake kwa hiyo kuku alipumzika, "Esta, mwambie mumeo dada alikuwa anasema kila siku kwamba mkono anaopigia yule si wake. Kama ni mashoto apige kwa kushoto. Jiwe halina ukwe."

Nilikaa chini, mama mkwe. Nilikaa chini kwenye vigae vya mawe na suruali yangu nzuri.

Mimi ni mashoto tangu tumboni. Shuleni mwalimu alinichapa vidole mpaka kalamu ikahamia kulia. Barabarani nilifunga kamba za turubai kwa kushoto na hakuna aliyenifungulia. Lakini kwako, hata kukiwa na ukuta wa mabua katikati, kuunyanyua mkono wa kushoto niliona ni kukutukana. Mkwe hampi mkwewe kitu kwa kushoto, hamsalimu kwa kushoto, sasa atapigaje jiwe la nyumba yake kwa kushoto? Nikapiga kwa kulia muda wote ule, kwa heshima, na heshima ile ikavunja mawe. Nawe ulisikia. Kwa sauti tu ulisikia kwamba mkono unapinda pasipotakiwa. Na wewe kwa heshima hukuniambia usoni. Ukamuuliza kuku ameuazima wapi.

Tungekuwa watu wa kuangaliana ningekuonyesha siku ya kwanza. Lakini tungekuwa watu wa kuangaliana tusingekuwa na yule kuku. Sijui lipi lingekuwa bora. Nafikiri hili lililokuwa.

Nikarudi Ruanda na mtaimbo, tukapanda mimi na Lameki kwenye ule mlima uliokuwa unatoa mawe yako. Nilipita nikibisha hodi kila jiwe kwa kokoto la mkononi. Lenye ufa ndani linajibu kizembe, kama mtu aliyelala. Zima linalia. Chini ya mwamba mmoja tukakuta bamba limejibandua lenyewe, jeusi lenye vidoa vyeupe, nikaligonga likalia mpaka Lameki akageuka kuangalia nani anapita na baiskeli. Tukaling'oa. Bodaboda aliyetushusha Mlowo aliniangalia nimelikumbatia akasema, "Kaka, abiria wako mnene na hasemi." Nikamwambia ni wa ukweni, usimtazame usoni.

Usidhani mkono wa kushoto ulipokea kazi kwa shukrani. Ulikuwa kama ndugu uliyemfukuza nyumbani zamani. Ukimwita hakurukii shingoni. Ulikuwa dhaifu, unajua njia lakini hauna pumzi. Nilianza na mawe ya kutupa. Nikapasua. Nikajikata kidole gumba cha mkono mwingine, ule unaoshikilia, na ndiyo maana barua hii naiandika kwa kushoto na herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Asubuhi kabla ya kwenda mpakani kwenye kazi zangu za kuwatafutia madereva karatasi zao, nilikaa uani, ta, dufu, dufu, ta. Majirani wakachoka. Jirani yangu muuza mitumba akasimama juu ya tofali akachungulia ukutani: "Mzee Kolwezi, kama ni dhahabu, machimbo ya Mkwajuni ni upande ule." Nikamjibu dhahabu inachimbwa na maskini, mimi natengeneza kitu cha kudumu. Akacheka. Nikapiga vibaya palepale mbele yake, akacheka zaidi.

Sikuacha. Mimi ni mtu wa kuacha vitu, unajua: shule, sigara, lori, kwaya, sigara tena. Hili sikuliacha. Kila nilipochoka nilimwona Lusia amesimama kando ya jiko la watu, mikono mitupu, mwenzake anasaga kwa niaba yake huku wengine wanamtazama. Narudi kusugua mdomo wa jiwe. Napiga ukingoni. Nasikiliza.

Siku ganda la kwanza la kweli lilipotoka sikuliona, maana nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia ta, kisha kitu kikaanguka chini taratibu, nikainua nikakuta ganda refu, jembamba, kama ulimi wa ng'ombe. Jiwe limeacha nafasi safi, hakuna ngazi. Nikawa naligeuza kwenye jua. Esta akatoka na kisu cha kumenyea vitunguu mkononi, akaliangalia lile ganda, akalipima kwenye kisu chake, akasema, "Hili la mama." Nikamwambia la kwangu. Akasema, "Ndiyo, la kwako. La mama." Akaingia ndani haraka, na vitunguu vilikuwa bado havijakatwa.

Kumenya bamba lote kulichukua muda, kudonoa kukachukua zaidi. Mama Mdogo Tabita alikuja kujaribu. Akakaa dirishani kwake, pazia limeshushwa. Lusia akasaga pumba kwanza, kama mnavyofanya, ili jiwe liteme mchanga wake, akafagia, akasaga ulezi. Nikasikia Tabita anatafuna unga. Akatema. "Mchanga." Nikadonoa upya, nikasugua, nikaosha. Akaja tena. "Mchanga." Na akaongeza, "Esta, mwambie mumeo meno ya jiwe lake yamekaa kama ya mtoto anayebadilisha." Nikasema kwa sauti ili pazia lisikie, "Esta, mwambie mama hata mtoto huyo atakula nyama siku moja." Nikasikia kikohozi kile cha kanisani, mama mkwe. Kumbe ni cha ukoo.

Mara iliyofuata alitafuna akatulia. Hakutema. Nikasikia tu anamwambia Lusia, "Ongeza ulezi." Nikajua.

Likabaki mwana, la kushika mkononi. Nilikuwa natafuta jiwe la kulitengeneza, Tabita akamwambia Esta, "Lile la dada lililovunjika mmelitupa?" Hatukulitupa. Vipande vyote viwili vilikuwa kwenye kona ya chumba chetu, vimefunikwa kitenge. "Sasa anatafuta nini? Mama akivunjika anakuwa mwana, ndivyo tulivyofanya siku zote." Nilichukua kipande kile chenye ukingo wako. Sikuugusa ukingo. Nilidonoa upande uliovunjika tu, ule niliouvunja mimi, mpaka ukalala sawa. Kwa hiyo jiwe la chini ni langu, na linalosukuma juu yake ni lako. Sikulipanga hivyo. Ningekuwa nimelipanga ningejisifu.

Lusia alivuka baada ya ibada ya ndoa, na jiwe likavuka naye kwenye mkokoteni. Getini kijana wa sare akaliinua kona, akauliza kwa Kibemba ni bidhaa gani hii. Nikamwambia ni mama mkwe wangu, mukwai, usimtazame. Akacheka, akatupungia tupite. Esta hakucheka. Mimi niliishia pale, baba wa binti haendi asubuhi ya uji. Nilirudi nyumbani nikashindwa kukaa. Nilipanga maganda ya mawe kwa ukubwa, nikayapangua. Mimi niliyelala Kasumbalesa bila woga, nilikuwa na woga wa uji.

Simu iliingia jua likiwa limeshapanda, namba ya Zambia. Lusia alikuwa ananong'ona. "Baba, wamekunywa. Mama mkwe ameng'ata unga kwanza kabla sijapika. Ameniuliza jiwe limechongwa na nani." Nikamuuliza umejibu nini. Akasema, "Nimesema bibi na baba." Halafu akaitwa, akakata.

Sikumwambia mtu neno mpaka mchana.

Sasa nakuaga, mama mkwe. Mahindi ya kwako Lameki ameyalima, kahawa imechanua, na yule kuku wa shingo tupu tulimla kwenye msiba wako, sikujua ni yeye mpaka baadaye. Nilikula paja, nilitaka ujue. Nakuahidi hili: jiwe hulainika, na la Lusia litalainika. Likilainika nitavuka Nakonde na jiwe jeupe la kudonolea mfukoni, nitaomba wanitolee jiwe uani, nitalitia meno upya kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe wake Lusia akikereka na mkono huo, tutatafuta kuku. Na akizaliwa binti pale, jiwe lake nitalianza mapema, nikiwa bado na bega. Pumzika. Unapumzika vizuri, najua, maana hakuna tena wa kukupigia kelele nyuma ya jiko.

Na kuhusu ile bahati niliyokuambia mwanzoni, hakuna. Lori la Kapiri nilivunjika miguu, blanketi la Kasumbalesa nililiiba mwenyewe, na mawe niliyoyavunja ni mengi mpaka Esta ametandika nayo njia ya kwenda chooni. Nimedanganya. Sina bahati yoyote.

Mkwe wako,
wa upande wa huku wa mabua